Tusiilaumu Silikoni: Kasoro ya Paji la Gari-Nyumba Iko Kwenye Mchoro

Hebu nianze na godoro.

Majira ya baridi ya mwaka wangu wa pili wa masomo kule Oregon, magharibi mwa Marekani, mwenzangu mmoja wa maabara aliniomba nimsaidie kutoa godoro nje likapate hewa. Alikuwa anaishi kwenye gari-nyumba la mwanzoni mwa miaka ya 1990, alilolinunua kwa akiba yake yote ili akwepe kodi ya chumba. Godoro lilikuwa limelowa kona ya mbele, upande wa kushoto. Chini yake plaiwudi ilikuwa nyeusi na laini kiasi kwamba nilipoibonyeza, kidole kilizama kama kwenye andazi lililochovywa chai. Akaniangalia: "Wewe si ndiye unayesoma mambo ya majengo na unyevu? Haya, tufanyeje?"

Nikajibu kile ambacho karibu kila mtu hujibu. Twende dukani tukanunue silikoni.

Tulinunua, tukapaka, ikavuja tena baada ya wiki tatu. Makala hii ni ya kulikosoa jibu langu lile, na kwa bahati mbaya silikosoi peke yangu. Fungua video yoyote ya ukarabati wa magari haya na utakuta bomba la kuzibia limeshakamatwa mkononi kabla hata dakika mbili hazijaisha. Fungua vitabu vya mwongozo vya watengenezaji: vinamtaka mmiliki apande juu akague mishono yote mara mbili au zaidi kwa mwaka, apake upya palipopasuka, na asipofanya hivyo dhamana inaweza kumponyoka. Yaani nyumba imeuzwa, ila kazi ya kuifanya isivuje amekabidhiwa mnunuzi. Mimi nadai kwamba kosa halianzii kwa mnunuzi mvivu wala kwenye silikoni mbovu. Linaanzia kwenye mchoro.

Kwa ambaye hajawahi kuliona gari lenyewe: kampuni ya magari hutoa chesisi yenye injini na kabini ya dereva tu, nyuma imekatwa wazi. Chesisi za Ford E-350 na E-450 ndizo maarufu zaidi kwa kazi hii. Mjenzi mwingine huinunua, akajenga nyumba juu yake: jiko, choo, meza, vitanda. Na kwa kuwa urefu hautoshi, nyumba hiyo inasogezwa mbele hadi juu ya paa la kabini, kitanda kikawekwa huko. Sehemu hiyo nitaiita paji, kwa sababu ukilitazama gari kwa mbele ndivyo inavyoonekana, kama paji la uso lililotokeza juu ya macho. Watoto wanapapenda sana. Maji nayo vilevile.

Sasa tulitazame paji kwa jicho la mhandisi. Kwanza, ni kantileva: kitu kilichoshikwa upande mmoja, upande wa pili kinaning'inia, kama roshani ya ghorofa. Kabini iliyo chini yake haikutengenezwa kubeba nyumba, na mara nyingi paa la kabini limekatwa ili watu wapite kutoka usukani kwenda sebuleni. Kwa hiyo mzigo wa watu wawili waliolala, godoro, na makorokoro yao unapaswa kurudi nyuma kupitia kuta za pembeni hadi kwenye sakafu na chesisi. Kantileva haisamehe. Kwa mzigo uliosambaa sawasawa, kuinama kwa ncha yake huongezeka kwa kipeo cha nne cha urefu. Refusha paji kutoka mita 1 hadi mita 1.2, ukiacha mengine yote yalivyo na mzigo uleule kwa kila mita, ncha itainama zaidi ya mara mbili. Sentimita 20 tu hizo, za kumfurahisha mtu mrefu anayetaka kunyoosha miguu.

Pili, chesisi yenyewe ni kama ngazi iliyolazwa, na ngazi hupenda kujisokota. Gurudumu moja likiingia shimoni, kabini inaelekea huku na nyumba inaelekea kule. Mahali pa kukutana ni shingo ya paji. Kila tuta, kila shimo, mishono ya pale inafunguka na kufunga kidogo kidogo. Fikiria unavyoukata waya kwa kuukunja mara nyingi.

Tatu, na hili ndilo lililonishangaza nilipokaa chini kupiga hesabu, ni upepo. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, hewa inayosimamishwa na uso wake wa mbele inasukuma kwa kani ya takriban paskali 460 kwa eneo. Namba hiyo haisemi kitu mpaka uigeuze kuwa maji: inatosha kuinua safu ya maji kwa karibu milimita 47. Yaani kwenye mvua, barabara kuu, maji yaliyo mdomoni mwa ufa yanaweza kusukumwa kwenda juu karibu sentimita tano. Punguza mwendo hadi kilomita 50 na inabaki robo tu, kama milimita 12. Ndiyo maana wapo wenye magari haya wanaoapa kwamba "halivuji likiegeshwa". Wanasema kweli kabisa. Mteremko wa kiunzi wa milimita 20, unaotosha kabisa kwenye dirisha la nyumba ya kawaida mtaani, hapa unashindwa na mguu wa dereva.

Mwaka 1963 mtafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, G. K. Garden, aliandika waraka mfupi kuhusu mvua inavyopenya kwenye kuta. Alisema kitu rahisi ambacho wanafunzi wa fizikia ya majengo hufundishwa mpaka leo: ili ukuta uvuje, lazima viwepo vitu vitatu kwa pamoja, yaani maji, tundu, na nguvu ya kuyapitisha maji kwenye tundu. Ondoa kimoja, hakuna kuvuja. Maji ya mvua huwezi kuyaondoa. Wajenzi wengi wamejaribu kuondoa matundu yote, na Garden alionya kwamba hiyo ni ndoto, maana vifaa vinatanuka, vinasinyaa, vinazeeka. Alipendekeza kushughulikia nguvu: jenga ngozi ya nje ya kuvunja kasi ya mvua, acha uwazi nyuma yake ambao hewa yake ina kani sawa na ya nje, na maji machache yatakayopita yapewe njia ya kushuka na kutoka.

Paji la gari-nyumba la kizamani limefanya kinyume cha kila neno hapo. Ngozi ni moja. Ni bati jembamba la alumini au karatasi ya faibaglasi, na nyuma yake moja kwa moja kuna mbao, povu, plaiwudi nyembamba ya milimita tatu hivi, basi. Kwenye kona, ukuta wa mbele na wa pembeni vinakutana ncha kwa ncha, kisha panafunikwa kwa ukanda wa alumini uliopigiliwa skrubu kila baada ya sentimita chache, chini yake utepe wa kuzibia. Hesabu skrubu za kona mbili za paji. Kila moja ni tundu, na kila tundu linaishia ndani ya ubao. Usalama wote wa nyumba unategemea utepe ule usife.

Utafa, tena kwa hesabu ndogo tu. Paji lina upana wa kama mita 2.4. Alfajiri bati lina nyuzi 10, mchana juani linafika nyuzi 60 bila shida. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 50 alumini itataka kurefuka karibu milimita 2.9, wakati ubao ulioshikana nayo, kwa kufuata nyuzi zake, hautafika hata milimita 0.6. Gawanya tofauti kwa kona mbili, kila kona inadaiwa zaidi ya milimita moja ya kusogea kila siku ya Mungu. (Skrubu zitaibana isisogee yote, ndiyo, na ndipo bati linapobenuka katikati na kuvuta tundu za skrubu zipanuke.) Gundi nzuri za kuzibia majengo mara nyingi hupimwa kuvumilia kusogea kwa asilimia 25 ya upana wa ufa. Kwa hiyo milimita 1.2 inahitaji ufa wenye upana wa karibu milimita 5, uliojazwa vizuri, umeshika pande mbili tu. Sisi tulichopaka pale Oregon kilikuwa mstari mzuri wa kupendeza juu ya ufa wa nusu milimita. Zaidi ya asilimia 200! Hakuna kemikali ya dukani itakayokuokoa hapo, hata ungeinunua ya bei gani.

Na silikoni ina ubaya wake wa ziada: ikishakauka, karibu hakuna kitu kinachokubali kushika juu yake, hata silikoni nyingine haishiki sawasawa. Anayekuja kukarabati baadaye atakwangua mpaka alie. Utepe wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaobaki laini kama ubani uliotafunwa, unafaa zaidi chini ya ukanda kwa sababu hauhitaji kuwa mgumu ili ufanye kazi. Lakini nao unataka kubanwa, na kinachoubana ni skrubu, na kinachoishika skrubu ni ubao.

Hapo ndipo kiini cha malalamiko yangu kilipo, na naomba tukae hapo kidogo.

Watu wengi huzungumzia uimara wa kiunzi na kuzuia maji kama mambo mawili tofauti: seremala huyu hapa, mtu wa silikoni yule kule. Kwenye paji ni jambo moja. Angalia mnyororo. Ukuta wa pembeni unaweza kulibeba paji kwa sababu plaiwudi yake, ikiwa imegundishwa kwenye fremu, inauzuia ukuta usiende upogo. Vijiti vya mbao vyenyewe vimeunganishwa kwa pini za stepla tu. Bila plaiwudi vingekunjika kama fremu ya dirisha isiyo na kioo. Kwenye kuta za kisasa zaidi, zilizobanwa kwa gundi kuwa kama sandwichi, utegemezi ni mkubwa kuliko hapo. Chukua karatasi mbili za milimita 3 zilizotenganishwa na povu la milimita 38: zikishikana vizuri na povu, ukakamavu wake wa kupinga kukunjwa, kwa hesabu ya kwenye karatasi, ni zaidi ya mara 500 ya karatasi hizohizo zikiwa zimeachana. Mara mia tano. Hiyo tofauti yote imeshikiliwa na gundi.

Sasa ingiza maji. Tone linapita kwenye skrubu, linafika kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zilipokatwa, ambapo mbao hunywa maji haraka kuliko ubavuni. Nyuma ya bati hakuna hewa ya kukausha. Unyevu ukipita asilimia 20 hivi ya uzito mkavu wa ubao fundi makini anaanza kuwa na wasiwasi, na ukikaribia 30 na kubaki huko, kuvu wa kuozesha wana karamu. Ubao ukilainika, skrubu inalegea. Skrubu ikilegea, utepe haubanwi tena. Wakati huohuo plaiwudi inaachana, ukuta unapoteza ukakamavu, paji linashuka milimita mbili, mshono wa juu unafunguka. Mshono ukifunguka, maji zaidi. Unaona inavyozunguka? Silikoni ya nje haigusi hata pete moja ya mnyororo huo. Inafunika mdomo tu, na wakati mwingine inayafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia.

Na yanakwenda wapi? Paji lina ncha ya chini mbele, ambapo sakafu ya kitanda inakutana na uso. Chini yake pamezibwa kwa karatasi nyingine ya bati. Hakuna tundu la kutolea maji. Mjenzi ametengeneza bakuli, akalitia povu na mbao, akalifunika.

Hapa nawakumbuka mafundi wa majahazi wa pwani yetu. Tuna neno kamili la kazi ya kuziba mishono, kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta, ikagongwa kati ya ubao na ubao. Fundi kalafati ni mtu wa heshima. Lakini jahazi hilohilo lina ngama, mahali pa chini ambapo maji yaliyopenya yanakusanyika, na kuna mtu wa kuyafua. Aliyelijenga hakujidanganya kwamba kalafati haitapitisha hata tone. Alichora chombo akijua yatapita, akayaandalia mahali. Isitoshe, mbao za jahazi zikilowa huvimba na kubana mshono, wakati plaiwudi ya gari-nyumba ikivimba inausukuma mshono ufunguke.

Mtaniambia, wewe unaongea tu, uzito je? Ni hoja ya kweli na sitaki kuipita kijuujuu. E-450 ina kikomo cha jumla cha kilo 6,577 hivi, na ndani yake kuna injini, maji, mafuta, watu, friji. Kila kilo ya ukuta inanyang'anywa kutoka kwa mizigo ya familia, na kantileva nzito inajiumiza yenyewe. Ndiyo maana siwaungi mkono wale warekebishaji wanaobomoa paji bovu na kulijenga upya kwa mbao nene kama za paa la kanisa. Wameongeza uzito kwenye ncha, halafu wakarudishia ukanda uleule na skrubu zilezile. Ila njia ya maji haina uzito. Tundu la kutolea maji lina uzito hasi! Kupindisha karatasi ya mbele izunguke kona sentimita kumi kabla ya kuunganishwa ubavuni, ili mshono usikae pale panapopigwa na upepo, ni gramu chache. Hoja ya uzito inaeleza kwa nini kuta ni nyembamba. Haielezi kwa nini bakuli halina tundu.

Hoja ya bei naielewa zaidi. Kona ya ncha kwa ncha hukatwa kwa msumeno na kumalizwa na mtu mmoja mwenye drili. Ganda la faibaglasi la kipande kimoja linahitaji kalibu kubwa na nafasi ya kulikausha. Wapo waliolifanya. Coach House, kwa mfano, walijulikana kwa bodi ya faibaglasi isiyo na mishono. Na wajenzi wengine wengi kwa miaka ya karibuni wameanza kuweka uso wa mbele wa kipande kimoja uliofinyangwa, wakaondoa dirisha la mbele au wakaondoa kitanda chenyewe. Mimi nalisoma hilo kama ungamo la kimyakimya.

Dirisha la mbele, jamani. Ukipewa kazi ya kutafuta mahali pabaya kabisa pa kutoboa tundu kubwa la mstatili kwenye gari, ungechagua hapo: ndipo upepo unapopiga, ndipo kiunzi kinapoinama, na chini yake ndipo bakuli lilipo. Vioo vya kuteleza vya pembeni angalau vina vitundu vidogo chini ya fremu vya kutolea maji. Kwenye gari la mwenzangu, mmiliki wa zamani alivikuta vitundu hivyo, akadhani ni kasoro, akaviziba. Kwa silikoni, bila shaka. Simcheki, maana alifuata falsafa ileile aliyofundishwa na mwongozo: ukiona uwazi, ziba.

Si kila unyevu ni mvua, niseme hilo kwa haki. Watu wawili waliolala saa nane hutoa nusu lita ya mvuke au zaidi kwa pumzi na ngozi. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 inaanza kutona maji ikigusa kitu cha nyuzi 12, na sakafu ya paji usiku wa baridi ina ubaridi kuliko hapo. Godoro linaweza kulowa chini bila tone moja kutoka nje. Kabla hujabomoa, tofautisha. Njia moja nzuri ni kufunga feni kwenye tundu la paa ipulize hewa ndani, ufunge milango, kisha upake maji ya sabuni kwenye mishono kwa nje. Panapovuja patatoa mapovu.

Tulifanya hivyo siku ya Jumamosi isiyo na mvua, ambayo kule Novemba ni kama Idi. Mapovu hayakutoka pale tulipokuwa tumepaka. Yalitoka chini ya taa ndogo ya alama iliyo juu ya paji, karibu nusu mita kutoka kwenye doa la godoro. Maji yalikuwa yakiingia kwenye skrubu za taa, yakitembea juu ya ubao wa mbele hadi kona, kisha yakishuka. Wiki tatu tulikuwa tukiziba pasipo na kosa.

Tulivua ukanda wa kona, tukakata mbao zilizooza mpaka tukakuta ngumu, tukaunganisha mpya kwa gundi na skrubu badala ya pini, tukabandika plaiwudi kwa gundi eneo lote. Utepe mpya wa butili chini ya ukanda, na taa ikarudi na utepe wake. Halafu nikafanya kitu ambacho mwenzangu alinitazama nacho kama mwendawazimu: nikachukua drili, nikatoboa vitundu vitatu vya milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya paji, nikavifunika kwa wavu mdogo dhidi ya wadudu, nikageuza midomo yake ielekee nyuma ili upepo uvinyonye badala ya kuvisukuma.

"Yaani gari linavuja, na wewe unalitoboa?"

Mvua kubwa ilikuja siku ya nne. Asubuhi alinitumia picha ya lami chini ya gari: matone mawili, yamepangana na tundu la kushoto. Bado kuna pahala panapitisha, na hatujapajua mpaka leo. Kipimo cha unyevu kwenye ubao mpya kilisoma asilimia 13.